Mwezi Ule Mshahara Haukukatwa

Zahanati ya kijiji, mbele ya Kitaya,
ukingoni mwa Mto Ruvuma,
Mtwara.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote mlio hapo nyumbani Ujiji. Mimi mwanao Tatu ni mzima wa mwili, nakula, nalala, kazi naifanya. Nauliza hali yako. Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Na jicho la kushoto, lile lililobaki na mwanga, bado linakuonyesha njia ya kwenda msikitini, au siku hizi unashikwa mkono? Nijibu ukweli, maana na mimi leo nimekaa kukuambia ukweli.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Huku tuliko simu ni ya kubahatisha. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na mara nyingi simu inakamata mtandao wa wenzetu wa upande ule, inamaliza salio hata salamu hazijakwisha. Lakini sitaki kuisingizia simu. Kwenye simu nimekudanganya mara tatu, na nikiisikia sauti yako nitakudanganya mara ya nne. Kwenye karatasi naweza kukata neno nikaanza upya mpaka litoke lilivyo.

Najua atakusomea Mwajuma. Mwajuma mdogo wangu, nakuomba usome yote. Usiruke, usipunguze, na pale utakapoona aibu kwa ajili yangu, soma vilevile.

Barua anaileta bwana mmoja wa utafiti wa kilimo pale Naliendele, anakuja Kigoma kwa mambo ya mbegu za muhogo. Ni mtu mwema, mpeni chai.

Nianze mbali kidogo, Mama. Yale mabati ya nyumba yako, na ule ukuta wa upande wa jikoni ulioangushwa na mvua, sikuvijenga kwa akiba. Nilikuambia ni akiba yangu, nawe ukawaambia majirani, ukamwambia na shangazi, "Tatu kaniezekea kwa jasho lake." Ulikuwa mkopo. Nilikopa benki, na kila mwezi kabla mshahara haujanifikia mkononi wanakata chao huko huko juu, mimi nakuta kilichobaki. Sijutii, mvua ilikuwa inakunyeshea kitandani. Sikukuambia kwa sababu nilipenda jinsi ulivyokuwa ukilisema jina langu.

Mwaka huu, kama unavyojua, nilihamishwa. Nilikuwa mjini Mtwara, kituo kikubwa, wauguzi wengi, umeme saa zote. Huku kijijini muuguzi mkunga ni mimi peke yangu. Msaidizi wangu ni Mama Shaibu, mhudumu anayefagia, anayechemsha vyombo, na anayenitafsiria pale wazee wanapoongea Kimakonde kitupu. Kuhama ni karatasi nyingi. Jina linatolewa kwenye orodha ya ofisi moja linaingizwa kwenye orodha ya ofisi nyingine, na katika kutolewa na kuingizwa huko, makato yangu ya mkopo yakadondoka njiani. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Mwezi wangu wa kwanza huku, mshahara ukaja mzima.

Mama, niliuona. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Ningeweza kukuambia benki walinionea, na nimewaambia hivyo watu wengi, hata Mama Shaibu. Lakini ujumbe ulipoingia kwenye simu nilisoma tarakimu mara mbili, nikajua hawajakata. Nilijua kabisa. Nikakaa kitandani, nikasema moyoni, wamesahau, acha wakumbuke wenyewe. Ilikuwa imebaki wiki moja Idd Kubwa ifike. Nikanunua godoro, kwa sababu lile nililolikuta kwenye nyumba ya zahanati lilikuwa limejaa kunguni. Nawe nikakutumia hela ya Idd, ile iliyokufanya unipigie mara mbili kunishukuru, ukaniambia mwaka huu nyama wamekula mpaka majirani.

Mwezi uliofuata nikaenda kwa Selemani, wakala wa pesa mwenye kibanda karibu na mashine ya kusaga. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Nesi, inakataa."

"Mtandao?"

"Sio mtandao." Akapunguza sauti, maana nyuma yangu kulikuwa na watu. "Inasema akaunti imezuiwa."

"Mshahara si umeingia? Ujumbe ninao hapa."

"Umeingia. Ila hautoki."

Nilimwomba ajaribu tena. Alijaribu, masikini, si kwa sababu aliamini itakubali. Watu wa nyuma walianza kutazama chini kama tunavyofanya tunapopita kwenye msiba wa mtu tusiyemjua.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda mjini. Benki kuna baridi ya mashine, Mama, na unapewa kikaratasi chenye namba ukae usubiri. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno makali. Namba yangu ilipoitwa, dada wa mikopo alikuwa msichana mpole mwenye mafua, anajifuta pua kwa leso huku anasoma kompyuta, na ukali wangu ukaniishia.

"Rejesho la mwezi uliopita halikuingia," akaniambia.

"Silipi mimi. Mnakata wenyewe."

"Anayekata ni mwajiri wako, dada. Sisi tunapokea. Mwezi ule hatukupokea kitu, na mwezi huu pia. Ndiyo maana mfumo umeweka zuio."

"Mshahara si umo humo humo ndani? Chukueni chenu mnipe kilichobaki."

"Chetu kimeshachukuliwa, na faini yake. Lakini zuio haliondoki mpaka ije barua ya mwajiri wako wa sasa, kuthibitisha kwamba makato yataendelea. Na haliondolewi hapa, linaondolewa makao makuu."

"Sasa mimi nitakula nini?"

Akaikunja leso yake. "Wengi wananiuliza hivyo," akasema.

Nikaenda ofisini kwa mwajiri. Wakasema barua wataandika, ila kwanza wanataka taarifa ya mkopo kutoka benki. Nikarudi benki, nikachukua namba nyingine, nikapewa taarifa. Nikairudisha ofisini, nikaambiwa anayetia saini amesafiri kikazi, atarudi baada ya siku nne. Sikuwa na pa kulala siku nne. Nikarudi kijijini kwa nauli niliyokuwa nimekopa kwa Mama Shaibu kabla ya kuondoka. Safari ya pili nikakopa kwake tena, nikaikuta barua tayari, nikaipeleka benki mbio, na yule dada akaisoma, akaiweka mezani taratibu. Namba ya akaunti ilikuwa imekosewa, tarakimu moja tu. Safari ya tatu niliona haya kumwomba Mama Shaibu. Nikauza lile godoro.

Uchovu wa kazi naujua, nimeuzoea tangu chuo. Huu ulikuwa mwingine. Ni uchovu wa kueleza jambo lilelile kwa mtu mpya kila mara, kuanzia mwanzo, na kila mtu anakusikiliza kwa adabu, na kila mtu anakuelekeza kwenye mlango mwingine. Nikirudi natamani mtu asiniulize, "Imekuwaje?" maana hata kujibu nilikuwa siwezi.

Wakati huohuo zahanati haikufungwa. Mtoto akitaka kuzaliwa hajali mkunga wake kala nini. Sabuni ya kufulia sare yangu iliisha, nikawa nafua kwa majivu. Chakula sikulala njaa, nisiwasingizie watu wa huku. Hawaulizi, wanaacha tu mlangoni. Naamka nakuta mafungu mawili ya muhogo, au ming'oko, mizizi fulani wanayoichimba porini wakaichemsha, au samaki wa mtoni amefungwa kwenye jani. Sikuwahi kujua nani kaacha nini. Nilikula, nikaona aibu, nikala tena.

Ndipo ukapiga simu kuhusu madaktari wa macho. Ukasema wanakuja hospitalini kwa wiki moja tu, kwamba mtoto wa jicho wanamtoa kwa siku moja unarudi nyumbani, kwamba wanataka kiasi kidogo tu ukilinganisha na siku nyingine. Sauti yako ilikuwa kama ya msichana anayekwenda harusini. Nikakuambia, "Natuma kesho, Mama." Huo ni uongo wa kwanza. Kesho ikafika, nikakuambia mtandao wa benki una matatizo. Huo wa pili.

Sasa nisikilize kwa makini.

Hapa kijijini kuna sanduku dogo la bati, wanaliita sanduku la dharura. Korosho zikishauzwa kila kaya inatoa kidogo, inawekwa humo, kwa ajili ya mafuta ya gari mgonjwa akizidiwa. Mweka hazina ni Bi Fatu, mjane, mkulima wa korosho, ana daftari lake la mistari na mchezo hapendi. Sanduku lilikuwa linakaa kwangu kwa sababu kabati la dawa lina kufuli nzuri, na ufunguo nilikuwa nao mimi, ili mgonjwa akiletwa wakati Bi Fatu yuko shambani tusikwame. Kipindi hiki korosho bado, watu ndio kwanza wanapuliza salfa, ile dawa ya unga wa njano, kwenye mikorosho, kwa hiyo sanduku lilikuwa jepesi. Lakini kiasi cha jicho lako kilikuwemo.

Jumanne asubuhi, wewe ukiwa unatakiwa hospitalini siku hiyohiyo, nilifungua kabati, nikafungua sanduku, nikachukua. Nilihesabu kiasi chako na nauli ya Mwajuma, nikajiambia barua iliyosahihishwa imeshafika benki, zuio litaondolewa wiki hii, nitarudisha kabla hajajua mtu. Nikafunga zile noti kwenye pindo la khanga niliyojifunga kiunoni juu ya sare, nikaenda kwa Selemani.

"Mtandao umekatika tangu alfajiri, Nesi," akaniambia. "Kaa hapo usubiri, unarudi sasa hivi."

Nikakaa kwenye benchi lake. Nilikaa kama saa nzima, naangalia ile simu yake ndogo ya kazi kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kisha nikamwona Mama Shaibu anakuja mbio, ushungi umemwanguka begani.

"Nesi, njoo! Wamemleta mtu kwa mtumbwi, damu tupu!"

Alikuwa Zuhura, mwanamke niliyekuwa nampima mimba mwenyewe kliniki. Yeye na mumewe Issa walikuwa ng'ambo ya mto kuvuna mpunga, uchungu ukamshika huko huko shambani kabla ya siku zake, akajifungua kwenye kibanda cha kulindia ndege. Mtoto alikuwa mzima, amefungwa kwenye shati la baba yake, analia vizuri. Lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu ilikuwa inamtoka njia nzima ya kuvuka mto. Issa alimbeba kutoka ufukweni. Alipomlaza kitandani kwangu mikono yake ilibaki imekunjwa vilevile kama bado kambeba.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nikamchoma sindano, nikamtundikia maji, nikatoa kondo, si lote, damu ikapungua lakini haikukoma. Alikuwa anahitaji kuongezewa damu, na damu iko hospitali ya mjini. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka asubuhi na mgonjwa mwingine. Mama Shaibu akampigia mwenye gari wa Kitaya, akasema anakuja, ila tangi lake halifiki mjini, na anayeuza mafuta ya madumu anataka hela mkononi.

"Mwite Bi Fatu," nikasema. Mkono wangu mmoja ulikuwa tumboni mwa Zuhura, naukandamiza mfuko wa uzazi, na nilikuwa nimeshaambiwa na mwili wake kwamba nikiuachia tu, damu inarudi.

Bi Fatu alitoka shambani moja kwa moja. Alifika uso mzima njano ya salfa, macho mekundu, pampu kaiacha nje mlangoni. Gari lilikuwa limeshasimama uani, dereva anapiga honi.

"Ufunguo uko wapi, nifungue sanduku," akasema.

Niliendelea kukandamiza. Akarudia. Mama, mikono yangu ilikuwa na glovu zenye damu mpaka vifundoni, mmoja tumboni mwa Zuhura, mwingine chini. Nisingeweza kufungua hilo pindo mwenyewe hata kama ningetaka kuficha.

"Hazimo sandukuni," nikamwambia. "Zimo hapa kwenye pindo la khanga yangu. Fungua."

Akanitazama. Alikuja mpaka ubavuni kwangu, akainama, akalifungua lile fundo kwa kucha zake zenye salfa. Nilikuwa nimelifunga sana, likamchukua muda. Akazitoa noti, akazihesabu mbele yangu, kwa sauti, kama kawaida yake.

"Hela ya sanduku siku hizi inalala kwenye khanga?"

"Bi Fatu, mpe dereva kwanza."

Akampa dereva. Tukambeba Zuhura, nikapanda naye nyuma, mkono bado tumboni. Mama Shaibu akabaki na kichanga. Issa alikaa mbele na njia nzima hakugeuka, nadhani aliogopa atakachokiona. Mimi njia nzima nilikuwa nafikiri jambo moja. Kama mtandao wa Selemani ungerudi nikiwa bado pale kwenye benchi, zile noti zingekuwa Ujiji, na Zuhura angekuwa anatoka damu uani kwangu huku dereva anauliza hela ya mafuta iko wapi. Ningemjibu nini Issa?

Zuhura alipona. Nalisema mapema usije ukapata presha. Waliomwongezea damu walisema tungechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Ameshatoka hospitalini, juzi kaja kumpima mtoto uzito, mtoto wa kike, ana kelele.

Lakini wewe siku ile ulikuwa umevaa tangu alfajiri. Mwajuma aliniambia baadaye, kwamba ulikaa barazani na mkoba wako mapajani, kila pikipiki ikipita unageuza uso. Jioni nikakupigia nikiwa hospitalini Mtwara, sare imekauka damu, nikakuambia wakala wa huku kaishiwa fedha. Huo ndio uongo wa tatu. Nawe ukasema, "Haidhuru, mwanangu. Jicho moja bado lina mwanga." Hukugomba hata kidogo. Ningependa ungegomba.

Niliporudi kijijini kesho yake, Bi Fatu alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, kaoga, kavaa baibui safi, daftari mapajani. Alisubiri nikamaliza mgonjwa wa mwisho.

"Ulikuwa unazipeleka wapi?"

Nikamweleza yote. Jicho lako, benki, barua, ile tarakimu moja. Mpaka mshahara ule ulioingia mzima nikanyamaza, nilimweleza na huo, na yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.

"Ungeniomba," akasema.

"Ungenipa?"

"Nisingekupa. Hela si yangu." Akalifunga daftari. "Lakini ningejua una shida. Sasa ninalolijua ni kwamba una mkono mrefu."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie pale, watu wanapita njiani. Halafu akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Nikampa. Nikamuuliza kama atanishtaki kwenye kamati ya zahanati. Akasema, "Nitawaambia ufunguo ninao mimi. Wakiniuliza kwa nini, nitawaambia waje wakuulize wewe."

Waliniita. Walikuwa watu saba, kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, nami nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Mmoja alisema niondoke, watu wa kutoka mbali hawana uchungu na kijiji. Mwingine akauliza, "Mshahara wake umefungiwa siku zote hizo, na sisi kamati hatukuambiwa?" Wakabishana kwa Kimakonde, na siku hiyo Mama Shaibu hakunitafsiria. Mwisho wakasema nibaki, maana hela imetumika palepale ilipotakiwa kutumika na hakuna kilichopotea. Lakini sanduku limehamia kwa Bi Fatu, na ni haki. Bi Fatu ananisalimia, nami namsalimia. Juzi kaniletea mjukuu wake mwenye homa, akaniachia nimhudumie. Ila haniamini na fedha, na sijui kama ataniamini tena. Nyumba yake ndiyo ninayoipita kila asubuhi nikienda kazini.

Zuio la benki limeondolewa Jumatatu iliyopita. Hakuna aliyenipigia kuniambia. Nilikuwa napita, Selemani akaniita, akasema tujaribu tu, akabonyeza, ikatoka. Ndivyo ilivyoisha. Nilisimama pale nimeshika hela yangu mwenyewe na sikuwa na furaha, nilikuwa nataka kulala tu. Nimemlipa Mama Shaibu nauli zote mbili. Alizikataa mara moja, mara ya pili akapokea, akahesabu, akacheka.

Sasa habari ya jicho. Mwajuma kaulizia hospitalini, wamemwambia hata wageni wasipokuwepo wanapasua, ila gharama ni kubwa zaidi kidogo. Nimetuma nusu kwenye simu yake siku ileile akaunti ilipofunguka, ameshaniambia imefika. Nusu nyingine itatoka mshahara ujao, na makato ya mkopo yameshaanza upya, nimeyaona kwenye karatasi ya mshahara kwa macho yangu. Kwa hiyo ni nusu imekuja, nusu haijaja. Sitaki ufikiri ni zaidi ya hapo. Usiuze kitu, wala usikope kwa shangazi kwa kunionea huruma.

Na kuhusu mabati, ukitaka kumwambia shangazi mwambie. Nimechoka kusifiwa kwa kitu ambacho bado nakilipa.

Siku ukinipigia, usiniulize kwa kuzunguka kama ulivyozoea, "Mwanangu, huko mambo yanakwendaje?" Niulize, "Tatu, unazo au huna?" Nitakujibu mara moja, ninazo au sina. Nikisema sina, nigombeze kama unataka, ila usiseme haidhuru. Inadhuru, Mama. Najua inadhuru.

Nisalimie Kaka Juma pale sokoni kwenye mawese yake, mwambie nimepata habari ya mtoto wa nne, Mungu amkuze. Msalimie Wifi, na aupumzishe mwili siku arobaini zote, asikimbilie mtoni kufua. Msalimie shangazi Mwamini, na Maalim wangu wa chuo cha Kurani ikiwa bado ananikumbuka. Yule jirani anayekushika mkono kwenda msikitini, kama yupo, mpe asante yangu kwa jina lake. Na wewe Mwajuma, kwa kusoma yote haya kwa sauti mbele ya Mama, Mungu akulipe, mimi siwezi.

Mama, nimekukosea, nakuomba radhi yako. Usinitumie radhi hiyo kwa salamu za mtu. Kama unanipa, nipigie useme mwenyewe, na kama bado hujawa tayari, nipigie vilevile unieleze kwamba bado.

Mimi mwanao,
Tatu